Wati Moja Haiangushi Serikali

Wadau, leo hakuna video. Hii nimeamua kuiandika, juu nikiongea mbele ya kamera nitakasirika nianze kuchanganya Kiswahili na Ekegusii, halafu wale wa Mombasa waniulize tena mbona namuita mama yangu "baba". Kwetu mama ni baba, na baba ni tata. Hiyo tulishamaliza.

Kuna fundi wa simu huku Nyamira, chini ya milima ya Manga, ambaye kwa miezi saba alikuwa na kituo cha redio. Mimi ndiye nilikuwa mtangazaji wake. Jina lake silitaji, kijiji sikitaji, na masafa tuliyotumia siyataji, kwa sababu sheria inaweza kumfunga. Sai kituo kimezimwa. Naandika kusema kwamba kukizima kulikuwa ujinga, na huo ujinga si wa yule mtu aliyekuja kutuambia tuzime. Umeandikwa kwenye sheria, na sote tunaupita tu kama shimo la barabarani tulilolizoea.

Kwanza tupime ukubwa wa hili kosa. Balbu ya jikoni kwenu, hizi za LED, inakula kama wati tisa. Transmita yetu ilikuwa wati moja. Kibao cha saketi kinachotoshea kwenye kiganja, betri ya pikipiki iliyochoka, sola ileile fundi anachajia simu za watu, na eriali ya waya iliyofungwa kwenye mparachichi. Waya ulikuwa kama mita moja na nusu, na hakuukata hivyo kwa kubahatisha. Kwenye megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita tatu, na eriali ya aina ile inataka nusu yake. Hayo nilifundishwa na fundi akiwa amechuchumaa na koleo mkononi. Chuoni nilikaa mihula mitatu nikilipa kusikiliza mtu akisoma slaidi. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Wimbi la FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Likikutana na mlima, limeishia hapo. Na ukitaka lifike mara mbili ya mbali, hata mahali wazi pasipo na kizuizi, lazima nguvu iongezwe mara nne. Sasa chukua wati moja uiweke kwenye bonde la Nyamira, ambako kila ukigeuka kuna mlima, mikaratusi na chai. Tulisikika kijijini kwetu, tukasikika kanisani, tukasikika kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, na siku zenye bahati mtu wa bodaboda pale kwenye lami alitupata. Kupanda mlima kwenda upande wa Kisii, kimya. Ukuta tulijengewa na Mungu mwenyewe.

Tulikuwa hewani saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Tulisema kesho lori la majani litafika saa ngapi, juu likichelewa majani yananyauka na mkulima ndiye anaumia. Tulisema ng'ombe wa nani amepotea. Tulisema matanga ya nani yako wapi, mwili unatoka mochari siku gani, na nani amebaki na orodha ya mchango (hapo watu walikuwa wanaongeza sauti ya redio, wacha niwaambie). Mzee mmoja alikuwa anakuja Ijumaa na obokano yake, nyuzi nane, anapiga mpaka wajukuu wanaacha simu. Nilimuuliza kama amewahi kusikika kwenye redio. Akasema mara moja, kwenye matangazo ya mazishi, jina lake lilisomwa kimakosa akidhaniwa ni marehemu.

Egesa FM ipo, Minto FM ya KBC ipo, zote kwa Ekegusii, na nazisikiliza. Sina ugomvi nazo. Lakini Egesa haiwezi kutangaza lori la chai la kijiji chetu. Ikianza hivyo itamaliza siku nzima na haijafika hata Kebirigo. Redio kubwa inaongea na Omogusii yeyote, kuanzia Borabu mpaka Mugirango Kusini. Hiyo ni kazi yake. Kuna maneno ambayo yana maana kwa nyumba mia tatu peke yake, na kwa hizo nyumba mia tatu ndiyo habari kubwa ya siku.

Sasa usiku mmoja. Hii ndiyo imenifanya niandike.

Mtoto wa darasa la pili hakurudi nyumbani. Saa moja jioni tayari kulikuwa na sauti ya WhatsApp inazunguka, ile ya mwanamume anayenong'ona ndiyo ionekane ni siri, akisema mtoto ameonekana akiingia kwa mama fulani mzee anayeishi peke yake pale mtoni. Jina lake likatajwa. Hakuna aliyejua nani amerekodi. Kama hutoki Gusii huenda husikii baridi hapo. Sisi tunasikia. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati na kuchomwa kwa kushukiwa uchawi. Miaka kumi na mitatu kabla, Mei 2008, watu 11 walikuwa wamechomwa vivyo hivyo katika Kisii. Hii kwetu si hadithi ya kutisha watoto. Inaanza hivyohivyo, mtu anasikia jina, wanakuwa kumi, halafu kuna petroli.

Fundi alitoka mbio kwenda kumtafuta mama wa mtoto, akamleta dukani. Akawa anapiga simu huku analia, na simu ya tatu ikajibiwa na shangazi aliye Keroka: mtoto yuko hapa, alipanda matatu na binamu yake, anakula. Nikamwambia shangazi asikate. Nikaweka simu kwenye maikrofoni. Kijiji chote kikasikia sauti ya yule mtoto akiulizwa jina lake, shule yake na mwalimu wake, halafu mama yake akimtusi kwa furaha. Watu waliokuwa wameanza kukusanyika kwenye njia ya mtoni walikuwa na redio ya simu, hizi kabambe za batani ambazo FM haiombi bando. Wakasikia. Wakarudi nyumbani. Ni hivyo tu, hakukuwa na shujaa. Yule mama mzee aliambiwa kesho yake, na hakusema kitu, aliingia ndani akafunga mlango.

Nisidanganye: mimi ningekuwa mjinga usiku ule, wati ileile moja ingemuua. Ningelisoma lile jina hewani kama "habari zinazotufikia", ningekuwa nimewaonyesha njia. Najua hilo na linaninyima usingizi kuliko mnavyofikiri. Lakini angalia tofauti. Aliyerekodi ile sauti ya WhatsApp hatujamjua mpaka leo. Mimi kila mtu anajua mlango wa kwetu. Anajua magokoro wangu, anajua tunadaiwa na nani dukani. Nikidanganya jioni, asubuhi nakutana na niliyemdanganya kwenye foleni ya maji. Hakuna mdhibiti aliye Nairobi anayeweza kunichunga kama hiyo foleni.

Wiki tatu baadaye mtu alikuja. Ofisi yake siitaji. Hakuwa mkali, alikunywa hata chai. Alisema amesikia, na kwamba akisikia yeye basi kuna wengine watasikia, na wakija wengine wataondoka na mtambo, sola, fundi na labda na mimi. Tukazima palepale mbele yake. Hakuuliza tulikuwa tunasema nini hewani. Hata mara moja.

Twende kwenye sheria basi. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, kurusha matangazo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa la jinai, lenye faini na kifungo. Sheria ina mlango wa redio ya jamii, ndiyo, na kuna waliopita hapo wakafanya kazi nzuri. Koch FM ya Korogocho, vijana walianza 2006 ndani ya kontena la meli. Heshima yao. Lakini hata huo mlango umekatwa kwa kimo cha taasisi. Uwe kikundi kilichosajiliwa, upeleke makaratasi, ulipie, usubiri upewe masafa, mtambo wako uwe wa aina iliyoidhinishwa. Mtu mwenye wati moja kwenye mparachichi anaulizwa maswali ya mtu mwenye mnara.

Na mwenye mnara akikosana na serikali ana pa kukimbilia. Januari 2013 tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ilizima mitambo kadhaa ya Royal Media Services, wenyewe wa Citizen na Egesa, ikisema haina kibali. Royal wakaenda kortini na mawakili wao. Fundi wangu akizimiwa ataenda wapi? Ana koleo.

Someni Katiba ya 2010, Kifungu cha 34. Kinasema vyombo vya utangazaji viko huru kuanzishwa, na kizuizi pekee ni taratibu za leseni zinazohitajika kudhibiti mawimbi, tena zisizotawaliwa na serikali, siasa wala biashara. Zinazohitajika. Hilo neno limewekwa hapo na watu waliokuwa wanajua wanachokitoroka. Sasa naomba mwanasheria yeyote aje aniambie kudhibiti mawimbi kunahitaji nini kwa redio isiyoweza kuvuka mlima wa Manga.

Wanaotoroka nini? Hii haifundishwi shuleni, na ilitokea hapo tu, ukishapita Rongo. Mwaka wa 1982, Homa Bay, kwa msaada wa UNESCO, kulifunguliwa redio ndogo ya wati 10 iliyotangaza kwa Kijaluo. Inahesabiwa kuwa redio ya kwanza ya jamii Afrika nzima. Afrika nzima, wadau, na iko mwendo wa matatu mbili kutoka kwetu! Mwaka wa 1984 serikali ikaifunga. Kumbukeni katikati ya hapo kulikuwa na nini. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga waliingia Sauti ya Kenya, na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sisemi moja ndiyo iliyoleta nyingine. Nasema serikali iliyoona nchi nzima ikitetemeka kwa sababu ya maikrofoni moja haingekuwa na subira na maikrofoni nyingine, hata ndogo. Baada ya hapo mpaka 1996 hapakuwa na redio ya FM ya mtu binafsi nchini, mpaka Capital FM. Tumezaliwa juu ya ile hofu. Miaka zaidi ya 40 na bado mtu akisikia "redio bila leseni" anaona mapinduzi, haoni lori la majani ya chai.

Najua venye mtajibu. Nimeshajibiwa na mjomba wangu tayari.

La kwanza: chuki. Ati redio ndogondogo zikiachwa huru zitatuletea 2007. Hebu tuwe wakweli kuhusu 2007. Mtangazaji wa Kenya aliyepelekwa The Hague, Joshua arap Sang, alitoka Kass FM, redio yenye leseni, na kesi yake ilikatizwa Aprili 2016 bila hukumu ya hatia, kwa hiyo simuiti mhalifu. RTLM ya Rwanda, ile iliyowataja watu kwa majina ili wauawe, ilikuwa na leseni ya mwaka 1993 na marafiki wakubwa serikalini. Leseni haijawahi kumfanya mtu awe na roho nzuri. Kinachozuia chuki ni sheria dhidi ya chuki, na hiyo tunayo, na inanihusu mimi hewani kama inavyonihusu sokoni.

La pili ni ndege, na hili ndilo la maana, kwa hiyo nisilicheke. Bendi ya FM inaishia megahezi 108, na hapohapo ndipo masafa ya ndege yanapoanzia. Transmita mbovu isiyo na chujio inaweza kumwaga uchafu nje ya masafa yake, ukamfikia rubani. Tuna uwanja wa ndege Suneka, siwezi kujifanya hatuna. Fundi wangu aliweka chujio, na aliniambia angeona aibu kama asingeweka. Lakini wengine hawataweka, na kuna vibao vya bei rahisi mtaani ambavyo ni takataka tupu. Sawa. Basi pimeni mitambo! Wekeni siku moja kwa mwezi, Nyamira mjini au Kisii, mtu alete kibao chake, kipimwe, kipigwe muhuri au kivunjwe. Pikipiki zinaua watu huku kila siku, na hatukusema dawa ni kila bodaboda iwe kampuni.

La tatu ndilo linaniudhi. "Si kuna intaneti, wewe mwenyewe uko TikTok." Eeh niko, na ndiyo maana najua. Video yangu ya kuchekesha kuhusu matatu za Keroka inaonwa na Omogusii aliye Minneapolis kabla haijaonwa na jirani. Magokoro wangu hajawahi kuiona hata moja. Ana redio ya betri mbili iliyofungwa na mpira, na mahali pale chini ya mlima mtandao unakuja ukiupandia mti. Intaneti inaniuliza watu wangapi wananitazama, haijali wako wapi. Wati moja haina hata njia ya kuhesabu. Sikuwahi kujua nina wasikilizaji wangapi, mpaka siku nilipougua na wanawake watatu wakaja na maziwa.

Na msiniambie haiwezekani, kuna nchi wamefanya. New Zealand wametenga vipande viwili pembezoni mwa bendi ya FM, na mtu yeyote anaweza kurusha hapo bila kuomba leseni yake binafsi, mradi asizidi wati moja na afuate masharti ya jumla. Wati moja, ileile! Japani sheria yao ya redio inaacha huru mitambo dhaifu sana, na miaka ya 1980 vijana wakaitumia kuanzisha vituo vya mtaa vya kutembea kwa miguu. Marekani ilichukua ubishi mrefu zaidi. Kuna mtu kipofu, Mbanna Kantako, Springfield huko Illinois, aliyeanza kurusha kwa kama wati moja kwenye nyumba za serikali miaka ya 1980, bila leseni, akifichua polisi walivyokuwa wanawatendea majirani zake. Alifungiwa, akarudi, wengine wakamfuata. Kufikia 2000 serikali yao ikaweka leseni mpya ya vituo vidogo visivyozidi wati 100. Huko kwao, watu walirusha kwanza, sheria ikaja baadaye ikihema.

Kwa hiyo ninachotaka kinaandikika kwenye karatasi moja. Wabunge wetu wa Kisii na Nyamira, ambao wanajua sana redio wakati wa kampeni, wapeleke marekebisho. Kipande kimoja cha masafa, hata kiwe pembeni kabisa, kwa mitambo ya wati moja kushuka chini. Nairobi wanalia masafa yamejaa, sawa, Nairobi iachwe. Huku mlima unafanya kazi ya mdhibiti bure, masafa yaleyale yanaweza kutumika pande mbili za Manga na hakuna atakayemsikia mwenzake. Mtu ajiandikishe jina lake na mahali alipo, aseme jina hilo hewani kila saa, mtambo wake upimwe. Akichochea, akamatwe kwa kuchochea. Akitangaza ng'ombe aliyepotea, aachwe.

Mjomba ananiambia nimeandika ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Labda. Niliacha chuo, watu wa kwetu walishalia hiyo kilio, sina cheti cha kunyang'anywa.

Transmita iko ndani ya debe la mahindi kwa mtu fulani. Waya bado uko kwenye mparachichi, mama wa fundi anaanikia soksi. Jumanne iliyopita nilipita pale mtoni, yule mama mzee alikuwa nje anachambua chinsaga. Akaniuliza mbona siku hizi hamuongei jioni. Nikamwambia mtambo umeharibika.